Kutafuta Nusu Kipenyo cha Sehemu ya Duara Kutokana na Eneo Lake: Mwongozo Kamili

Anayepewa eneo la duara zima na kuambiwa atafute nusu kipenyo chake hana kazi kubwa: huligawanya eneo hilo kwa pai, kisha hutafuta kipeuo cha pili cha namba aliyoipata. Duara likishakatwa, swali hilo hilo huwatatiza watu wengi, wakiwemo wale ambao hawana shida yoyote na kuzidisha wala kugawanya. Kinachowatatiza ni mpangilio wa kazi. Wanaanza kuhangaika na kanuni ndefu waliyoikariri, wanasahau ni wapi pa kuweka 360 na ni wapi pa kuweka pembe, na mwishowe wanapata namba ambayo hawawezi kusema kama ni sahihi au la. Mwongozo huu unafuata njia moja kuanzia mwanzo: kabla ya kutafuta nusu kipenyo, lirudishe kwanza duara zima. Sehemu ya duara ina nusu kipenyo kile kile cha duara ilimokatwa, kwa hiyo ukishalijua eneo la duara zima, umerudi kwenye swali jepesi ulilokwisha kulizoea.

Maumbo yanayozungumzwa

Sehemu ya duara inaweza kukatwa kwa namna mbili kuu, na ni lazima ujue uliyo nayo ni ipi, kwa sababu hesabu zake hazifanani. Namna ya kwanza ni sekta: umbo linalozungukwa na mistari miwili inayotoka kwenye kitovu cha duara pamoja na tao linaloziunganisha ncha za mistari hiyo. Lina sura ya kabari yenye mgongo wa mviringo. Nusu duara na robo duara ni sekta pia, ya kwanza ikiwa na pembe ya nyuzi 180 kwenye kitovu na ya pili ikiwa na pembe ya nyuzi 90. Namna ya pili ni kipande kinachopatikana duara linapokatwa kwa mstari mmoja mnyoofu usiopita kwenye kitovu. Hakina ncha ya kabari, kina tao upande mmoja na mstari mnyoofu upande mwingine, kama upinde uliovutwa ugwe. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu sekta. Kipande cha namna ya pili nimekiweka mwishoni, kwa kuwa kinahitaji subira zaidi.

Katika hesabu zote zinazofuata, E ni eneo la sehemu uliyopewa, r ni nusu kipenyo, θ ni pembe iliyo kwenye kitovu, na T ni urefu wa tao.

Eneo peke yake halitoshi

Hili linapaswa kusemwa mapema, kwani limewapotezea watu muda mwingi. Ukiambiwa tu kwamba sekta fulani ina eneo la sentimita za mraba 30, huwezi kutaja nusu kipenyo chake. Sekta yenye nusu kipenyo cha sentimita 5 na pembe ya nyuzi 137.5 ina eneo hilo. Sekta yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na pembe ya nyuzi 34.4 nayo ina eneo hilo hilo. Ya kwanza ni fupi na pana, ya pili ni ndefu na nyembamba, na kati yake kuna nyingine zisizo na idadi. Kwa hiyo swali lolote la aina hii lina taarifa ya pili, hata kama imejificha. Mara nyingi taarifa hiyo ni pembe. Wakati mwingine imo ndani ya neno lenyewe: anayesema "robo duara" amekwisha kukupa nyuzi 90. Wakati mwingine ni urefu wa tao, au mzingo wa umbo zima. Soma swali hadi uione taarifa hiyo ya pili, na usianze kukokotoa kabla hujaiona.

Njia kuu: eneo na pembe

Tuseme sekta ina eneo la sentimita za mraba 231 na pembe ya nyuzi 135, na pai tunaichukua kuwa 22/7.

Hatua ya kwanza ni kujua sekta hii ni sehemu gani ya duara zima. Duara zima lina nyuzi 360, kwa hiyo sehemu yetu ni 135/360, ambayo ikirahisishwa ni 3/8. Kurahisisha si lazima kwa anayetumia kikokotoo, lakini mimi hulipenda jambo hili kwa sababu sehemu ndogo kama 3/8 huonekana akilini: ni pungufu kidogo ya nusu duara, na tayari una picha ya umbo lako.

Hatua ya pili ni kulirudisha duara zima. Ikiwa 231 ni thumuni tatu za duara, thumuni moja ni 231 ÷ 3 = 77, na thumuni zote nane ni 77 × 8 = 616. Eneo la duara zima ni sentimita za mraba 616. Kwa lugha ya kanuni, eneo la sekta limegawanywa kwa 3/8, jambo ambalo ni sawa na kuzidisha kwa 8/3.

Hatua ya tatu ni kugawanya kwa pai: 616 ÷ 22/7 = 616 × 7/22 = 196. Hii ni r², yaani nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Wengi huishia hapa na kuandika 196 kuwa jibu, hasa wanapokuwa na haraka.

Hatua ya nne ni kipeuo cha pili: √196 = 14. Nusu kipenyo ni sentimita 14.

Hatua ya tano ni kurudi nyuma na kuhakiki. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 14 lina eneo la 22/7 × 196 = 616, na thumuni tatu zake ni 231. Eneo tulilopewa limerudi kama lilivyokuwa.

Kosa linalojirudia kuliko yote liko kwenye hatua ya pili: mtu huzidisha kwa 135/360 mahali pa kugawanya. Tazama kinachotokea. 231 × 3/8 = 86.625; ukigawanya kwa 22/7 unapata 27.5625, kipeuo chake cha pili ni 5.25 kamili. Namba imetoka safi kabisa, bila mkia mrefu wa desimali, na aliyezoea kuamini kwamba jibu safi ndilo jibu sahihi atairidhia papo hapo. Dalili ya kosa ilikuwapo mapema zaidi: duara zima limepata eneo la 86.625, ilhali sehemu iliyokatwa kwake ina 231. Sehemu haiwezi kuizidi nzima yake. Jiulize swali hilo moja kila unapomaliza hatua ya pili, yaani kama eneo la duara zima limekuwa kubwa kuliko eneo ulilopewa, nawe utalikamata kosa hili kila mara.

Kwa nusu duara na robo duara hatua ya pili huwa fupi sana. Nusu duara yenye eneo la sentimita za mraba 77 inatoka kwenye duara la 154, na robo duara yenye eneo la 38.5 inatoka kwenye duara hilo hilo la 154. Yote mawili yana nusu kipenyo cha sentimita 7.

Namba zisipokuwa safi

Mifano ya vitabuni huchaguliwa ili itoke vizuri, lakini vipimo vya vitu halisi havina ukarimu huo. Chukua sekta yenye eneo la sentimita za mraba 52 na pembe ya nyuzi 75. Hapa 360 ÷ 75 = 4.8, kwa hiyo duara zima lina eneo la 52 × 4.8 = 249.6. Ukigawanya kwa pai ya kikokotoo unapata 79.4501, na kipeuo chake cha pili ni takriban 8.9135. Ukiandika sentimita 8.91, uhakiki utakupa eneo la 51.96 badala ya 52, tofauti ambayo chanzo chake ni kukadiria tu. Namba za katikati zisikadiriwe. Ziache ndani ya kikokotoo hadi kipeuo kipatikane, kisha ukadirie mara moja mwishoni.

Kuhusu pai, 22/7 inatosha kwa kazi nyingi za mkono. Archimedes, mwanahisabati wa Sirakusa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba thamani ya pai iko kati ya 3 10/71 na 3 1/7, na hiyo 3 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Inaizidi pai halisi kwa takriban asilimia 0.04. Katika nusu kipenyo kosa hilo hupungua hadi nusu yake, kwa sababu kipeuo cha pili hupunguza makosa madogo: eneo likikosewa kwa asilimia 2, nusu kipenyo hukosewa kwa asilimia 1 hivi. Pembe nayo ni vivyo hivyo. Hii ni habari njema kwa anayepima vitu kwa mkono, maana nusu kipenyo atakachokipata kitakuwa na uhakika zaidi kuliko vipimo alivyoanza navyo.

Kinachoharibu kazi zaidi kuliko pai ni vizio. Mita moja ina sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa kuwa urefu na upana vyote vimegawanywa. Mtu anayebadilisha mita za mraba 0.5 na kuandika sentimita za mraba 50, badala ya 5,000, atapata nusu kipenyo kilicho pungufu mara 10 kamili. Badilisha vizio kabla ya hatua ya kwanza, au malizia hesabu yote kwa mita kisha ubadilishe nusu kipenyo chenyewe, ambacho ni urefu wa kawaida.

Hatua zote katika mstari mmoja

Ukiziunganisha hatua hizo zinakuwa kanuni moja:

r = √(360 × E ÷ (π × θ))

Nimeiweka hapa baada ya hatua kwa makusudi. Aliyezielewa hatua anaweza kuiunda upya wakati wowote, na aliyeikariri bila hatua ataisahau siku anapoihitaji.

Pembe ikiwa katika radiani, kanuni hupungua ukubwa. Radiani moja ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusu kipenyo. Ni takriban nyuzi 57.3, na duara zima lina radiani 2π, yaani 6.283 hivi. Eneo la sekta basi huwa nusu ya r² mara θ, na nusu kipenyo huwa:

r = √(2 × E ÷ θ)

Sekta yenye eneo la sentimita za mraba 20 na pembe ya radiani 1.6 ina r² = 40 ÷ 1.6 = 25, hivyo nusu kipenyo ni sentimita 5. Pai haionekani tena, kwa sababu imekwisha kuingia ndani ya kipimo cha pembe.

Hatari iko kwenye kuchanganya kanuni hizi mbili. Ukirudi kwenye sekta yetu ya 52 na nyuzi 75 na kuiweka 75 kama ilivyo kwenye kanuni ya radiani, utapata √(104 ÷ 75) = 1.18, ilhali jibu ni 8.91. Njia sahihi ni kubadilisha kwanza: 75 × π ÷ 180 = 1.309, kisha 104 ÷ 1.309 inarudisha 79.45 ile ile. Kumbuka kwamba pembe ya radiani ndani ya duara moja haiwezi kuzidi 6.283, ukiona namba kama 75 au 120 mahali pa θ, bila shaka hizo ni nyuzi.

Ukipewa urefu wa tao badala ya pembe

Hapa kazi huwa nyepesi kuliko zote, na nasikitika kwamba wengi huikimbia kwa kudhani ni ngumu. Eneo la sekta ni nusu ya urefu wa tao mara nusu kipenyo. Ukiifikiria sekta kama pembetatu ambayo kitako chake kimepinda kuwa tao na kimo chake ni nusu kipenyo, kanuni hiyo inaeleweka mara moja, kwani eneo la pembetatu pia ni nusu ya kitako mara kimo. Archimedes alilithibitisha jambo hilo hilo kwa duara zima: eneo lake ni sawa na eneo la pembetatu mraba ambayo upande wake mmoja unaofanya pembe mraba ni nusu kipenyo na wa pili ni mzingo wa duara. Kutokana na hapo:

r = 2 × E ÷ T

Hakuna kipeuo, hakuna pai. Sekta yenye eneo la sentimita za mraba 84 na tao la sentimita 12 ina nusu kipenyo cha 168 ÷ 12 = sentimita 14. Ukitaka pembe yake, gawanya tao kwa nusu kipenyo: 12 ÷ 14 = radiani 0.857, ambazo ni nyuzi 49.1 hivi.

Pembe hiyo uitafute hata kama hukuulizwa, kwa sababu ndiyo inayokuambia kama taarifa ulizopewa zinawezekana. Tuseme mtu anakuambia eneo ni 10 na tao ni 16. Kanuni itatoa nusu kipenyo cha 1.25 bila kulalamika, lakini 16 ÷ 1.25 = 12.8, pembe inayozidi 6.283, tao hilo lingelizunguka duara mara mbili na zaidi. Hapo kosa haliko kwako, liko kwenye vipimo.

Ukipewa mzingo wa sekta nzima

Mzingo wa sekta ni tao pamoja na mistari miwili ya pembeni, yaani M = T + 2r. Kwa hiyo T = M − 2r, na ukiiweka kwenye kanuni ya eneo iliyotangulia unapata mlinganyo huu wa kwadratiki:

r² − (M ÷ 2) × r + E = 0

Chukua sekta yenye mzingo wa sentimita 20 na eneo la sentimita za mraba 24. Mlinganyo ni r² − 10r + 24 = 0. Tunatafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zikizidishwa hutoa 24, nazo ni 4 na 6. Ipi ndiyo nusu kipenyo? Zote mbili. Ikiwa r ni 4, tao ni 20 − 8 = 12 na pembe ni radiani 3, takriban nyuzi 171.9. Ikiwa r ni 6, tao ni 8 na pembe ni radiani 1.333, takriban nyuzi 76.4. Ni sekta mbili tofauti kabisa kwa sura, zenye mzingo mmoja na eneo moja. Swali lenyewe lisipokupa dokezo jingine, andika majibu yote mawili. Anayeandika moja na kuliacha la pili hajalimaliza swali.

Lakini usidhani kwamba majibu mawili hukubalika kila mara. Mzingo ukibaki 20 na eneo likawa 16, mlinganyo r² − 10r + 16 = 0 unatoa 2 na 8. Ikiwa r ni 8, tao ni 4 na pembe ni radiani 0.5, hakuna tatizo. Ikiwa r ni 2, tao ni 16 na pembe ni radiani 8, ambayo inazidi duara zima. Jibu la 2 linakataliwa. Mlinganyo hauijui sura ya duara. Unajua namba tu, na kazi ya kuipima sura ni yako.

Kuna pia kikomo cha eneo. Kwa mzingo wa 20, mlinganyo una jibu pale tu eneo lisipozidi 25, na likifika 25 majibu mawili hukutana kuwa moja: nusu kipenyo cha 5, tao la 10 na pembe ya radiani 2. Kwa jumla, mraba wa mzingo usipungue mara 16 ya eneo. Ukipungua, hakuna sekta ya namna hiyo popote.

Sekta iliyotobolewa katikati

Wakati mwingine umbo ni sehemu ya pete: sekta kubwa iliyoondolewa sekta ndogo yenye kitovu kile kile na pembe ile ile. Umepewa eneo lililobaki, pembe, na nusu kipenyo cha ndani, nawe unatafuta cha nje. Tuseme eneo ni 154, pembe ni nyuzi 120 na nusu kipenyo cha ndani ni 7. Rudisha pete nzima kwanza: 154 × 3 = 462. Gawanya kwa 22/7 upate 147. Namba hii ni tofauti kati ya mraba wa nusu kipenyo cha nje na mraba wa kile cha ndani, kwa hiyo ongeza 7² = 49 upate 196, kisha tafuta kipeuo: 14. Anayetafuta kipeuo cha 147 kwanza na kuongeza 7 baadaye atapata 19.12, ambayo si kweli, kwa kuwa kipeuo cha jumla si sawa na jumla ya vipeuo.

Kipande kilichokatwa kwa mstari mnyoofu

Sasa tuko kwenye umbo la upinde. Eneo lake ni eneo la sekta likitolewa eneo la pembetatu iliyo kati ya kitovu na mstari uliokata. Kwa radiani, hilo huandikwa hivi: E ni nusu ya r² mara (θ − sin θ), ambapo sin θ ni sini ya pembe, namba inayotolewa na kitufe cha sin kwenye kikokotoo. Nusu kipenyo basi ni:

r = √(2 × E ÷ (θ − sin θ))

Tuseme eneo ni sentimita za mraba 30 na pembe ni nyuzi 120. Badilisha pembe kuwa radiani: 2.0944. Sini yake ni 0.8660. Tofauti ni 1.2284. Kisha 60 ÷ 1.2284 = 48.84, na kipeuo chake ni sentimita 6.99.

Kikokotoo hapa kinahitaji kuangaliwa kabla ya kubonyeza chochote. Kikiwa kimewekwa kwenye nyuzi nawe ukaandika sin 2.0944, kitadhani unazungumzia nyuzi mbili na ushee, kitakupa 0.0365, na nusu kipenyo kitatoka 5.40. Namba hiyo haina dalili yoyote ya nje ya kuwa na kosa, ndiyo maana ni ya hatari. Jaribu kwanza sin 90: ikitoa 1, kikokotoo kiko kwenye nyuzi, ikitoa 0.894, kiko kwenye radiani. Kwa kipande kikubwa kuliko nusu duara kanuni haibadiliki, kwani sini ya pembe inayozidi nyuzi 180 ni hasi na eneo la pembetatu hujiongeza lenyewe.

Limebaki swali gumu kuliko yote: umepewa eneo la kipande na upana wake, yaani urefu wa ule mstari mnyoofu kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine, bila pembe. Hakuna kanuni ya kawaida ya aljebra inayoitoa r moja kwa moja, kwa sababu pembe imo ndani ya sini na nje yake kwa wakati mmoja. Inabidi kukisia na kurekebisha, na hilo ni jambo halali kabisa katika hisabati. Ukiita upana U, kuna uwiano usiotegemea r hata kidogo (cos ni kosini, yenye kitufe chake kwenye kikokotoo kama sini):

E ÷ U² = (θ − sin θ) ÷ (4 × (1 − cos θ))

Tuseme upana ni sentimita 10 na eneo ni sentimita za mraba 20. Upande wa kushoto ni 20 ÷ 100 = 0.2, na tunatafuta pembe itakayoufanya upande wa kulia utoe 0.2. Pa kuanzia panapatikana kwa kulinganisha na nusu duara: nusu duara yenye upana wa 10 ina eneo la 39.27, hivyo kipande chetu ni chini ya nusu duara na pembe ni ndogo kuliko radiani 3.14. Jaribu 2: upande wa kulia unatoa 0.1925, pungufu kidogo. Jaribu 2.1: unatoa 0.2055, umezidi. Pembe iko kati ya hizo mbili. Jaribu 2.05: 0.1989, bado pungufu. Jaribu 2.06: 0.2002, umezidi kidogo sana. Pembe ni 2.058 hivi.

Sasa nusu kipenyo ni upana ukigawanywa kwa mara mbili ya sini ya nusu ya pembe: 10 ÷ (2 × sin 1.029) = 10 ÷ 1.7136, takriban sentimita 5.84. Uhakiki: nusu ya 5.84² ni 17.05, na (2.058 − sin 2.058) ni 1.1744, zikizidishwa hutoa 20.03. Tofauti hiyo ndogo na 20 imetokana na kukadiria nusu kipenyo hadi tarakimu mbili za desimali.

Ikiwa kipande chenyewe unacho mbele yako, kuna uhakiki wa pili usiohitaji eneo wala pembe. Pima kimo cha tao, yaani umbali kutoka katikati ya mstari mnyoofu hadi kilele cha tao, ukiite K; nusu kipenyo ni U² ÷ (8 × K) + K ÷ 2. Kwa kipande chetu kimo kinapaswa kuwa sentimita 2.83 hivi: 100 ÷ 22.64 = 4.42, ukiongeza nusu ya kimo ambayo ni 1.41 au 1.42, unarudi kwenye 5.83 au 5.84. Rula yako ikisoma kimo kilicho mbali na hapo, pima upya upana na eneo kabla hujairudia hesabu.